Anti, dawa ya mgongo naimeza hata siku ambayo mgongo hauumi

Shikamoo anti.

Naandika hii saa nane usiku kwasababu ndio muda pekee nyumba imenyamaza, na pia ndio muda ambao huwa nakaa na kopo la dawa mkononi najiambia leo simezi halafu nameza. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36. Miaka mitatu iliyopita nilipata ajali ya gari, nilikuwa naendesha mimi, nikavunjika nyonga na pingili mbili za mgongo zikapata shida, mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yangu hakupona. Nililazwa wiki sita, nikafanyiwa operesheni, nikaenda fizio miezi mingi, na mfupa kiukweli ulipona vizuri, hata picha ya mwisho dokta alisema imekaa sawa. Ila maumivu hayakuondoka anti. Yanaanzia kiunoni yanashuka mguu wa kulia, siku nyingine kama moto, siku nyingine kama kitu kinavutwa.

Niliandikiwa tramadol za miligramu 50, asubuhi, mchana na usiku. Dokta wa kwanza aliniambia nisiogope, mtu mwenye maumivu ya kweli hawezi kuzoea dawa vibaya, nikaamini na mwaka wa kwanza kweli nilienda hivyo hivyo vitatu. Baadae vikawa vinne, sijui hata lini. Sasaivi ni nane kwa siku, siku mbaya kumi. Ili vitoshe nina madokta wawili kliniki mbili tofauti na hawajuani, huyu namwambia zimemwagika, yule namwambia nilisafiri nikazisahau. Sijawahi kuwa mtu muongo mimi, hicho ndio kinaniuma kuliko hata mgongo.

Nikuambie ukweli wote maana hunijui. Nameza cha ziada Jumapili jioni tukitoka kwa wazazi wangu, maana mama hanilaumu ila ananiangalia tu. Nameza kabla ya kupanda gari hata kama ni abiria. Nameza nikigombana na mume wangu, nameza watoto wakishalala kwasababu ule ukimya siuwezi. Mwezi uliopita nilimbeba wa mwisho vibaya mgongo ukakaza kweli kweli, nikameza kimoja nikalala chini na maji ya moto ikapita. Na ile sio kulewa anti, sipati raha yoyote, ni kama mtu amepunguza sauti ya redio tu.

Maumivu yakianza hata kidogo kichwa kinakimbia, naona nitaishia kwenye kiti cha magurudumu watoto wakinisukuma, nikishaanza kuwaza hivyo siwezi kuacha mpaka nimeze. Usingizi ukigoma kuna mwenzangu kazini alinipa diazepam, siku moja moja nameza nusu pamoja na tramadol za usiku, nalala kama mfu.

Mume wangu alikuta makopo mawili kwenye mkoba akasema mgongo wako uko kichwani. Kwa hasira nikaacha ghafla. Siku ya pili jasho, miayo isiyoisha, kamasi, tumbo kuharisha, miguu haitulii, na hofu ambayo siwezi kuielezea, nilikuwa nahisi kuna kitu kibaya kinakuja tu. Siku ya tatu nikameza vinne kwa mpigo. Rafiki yangu akaniambia hiyo ni arosto, neno ambalo mimi nilikuwa nalisikia kwa mateja. Kwahiyo nauliza, mimi ni teja? Maumivu yangu ni ya kweli au nimeyatunga? Nikimwambia dokta si ataninyima kabisa? Kuna usiku naona bora ningekuwa mimi na sio yeye.

Mama wa wawili

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijajibu swali lolote kati ya hayo naomba ufanye kitu kimoja leo hii, hiyo diazepam iliyobaki mpe mume wako airudishe au aipeleke famasi waiharibu, usiimeze tena na tramadol hata nusu. Kila moja ya hizo dawa inapunguza kasi ya kupumua na zikikutana zinasaidiana kwenye hilo, mtu analala na haamki, na ule usingizi unaouita wa mfu ndio mlango wenyewe. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lao kali kuliko yote liwekwe kwenye dawa za jamii zote mbili kwasababu hii hii. Nasema hivi kwasababu umesema ni siku moja moja, ingekuwa kila siku kwa wiki nyingi ningekuambia nenda kwa dokta kwanza, maana nayo haiachwi ghafla. Na vile vidonge kumi vya siku mbaya ni miligramu 500, kiwango cha juu cha mtu mzima ni 400, ukipita hapo hatari ya kuanguka degedege inapanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Kwahiyo mpaka utakapoonana na dokta usivuke nane, na usiache ghafla tena. Mume wako ajue pia kwamba akikuta unakoroma kwa namna ya ajabu, midomo imebadilika rangi, anakuamsha huamki, ni kukimbizwa dharura muda huo huo na aseme umemeza nini, dawa ya kuzuia hiyo ipo inaitwa naloxone, japo kwa tramadol haimalizi kila kitu ndio maana lazima mfike hospitali.

Haya. Sasa nimesoma barua yako mara tatu na kuna kitu kimoja nimekiona ambacho nadhani hujakiona.

Umenitajia nyakati tano za kumeza cha ziada. Jumapili ukitoka kwa wazazi. Kabla ya kupanda gari. Baada ya ugomvi. Watoto wakilala. Na siku uliyombeba mtoto vibaya. Hebu zirudie mwenyewe taratibu. Ni moja tu kati ya hizo tano ndio mgongo ulikuwa umeumia zaidi, na siku hiyo ulimeza kimoja, ukalala chini, ukaweka maji ya moto, ukapona. Yaani pale ambapo dawa ilikuwa inafanya kazi yake uliitumia kwa akili timamu kabisa. Zile nyakati nne nyingine kidonge kilikuwa kinatibu kitu kingine, na hicho kitu hakijawahi kuandikiwa dawa na mtu yeyote kwa miaka mitatu.

Nilifanya uuguzi miaka mingi kitengo cha maumivu, na hii ndio hadithi niliyoiona mara nyingi kuliko ile watu wanayoifikiria. Watu wanadhani mgonjwa anazidisha dawa kwasababu ameonja raha. Wengi niliowahudumia hawakuwa wanatafuta raha, walikuwa wanakimbia. Alikuwepo mama mmoja anameza kabla ya kupanda ngazi, maumivu hayajaja, anameza kwa hofu ya maumivu ambayo yangeweza kuja, na akawa anamaliza kopo siku kumi kabla ya tarehe. Kuna daktari wa akili wa Marekani, Edward Khantzian, mwaka 1985 aliandika wazo ambalo bado linatusaidia mpaka leo, kwamba mtu mara nyingi anaangukia dawa fulani kwasababu inatuliza mateso fulani aliyonayo, anajitibu mwenyewe bila kujua anatibu nini. Wewe umelisema vizuri kuliko yeye, umesema ni kama mtu amepunguza sauti ya redio.

Na hiyo sio kujidanganya, dawa yenyewe iko hivyo. Tramadol haiishii kutuliza maumivu kama ndugu zake wa jamii ya afyuni, inaongeza pia serotonini na noradrenalini kwenye ubongo, kemikali zile zile zinazoguswa na dawa nyingi za sonona. Kwahiyo ulipewa dawa ya mgongo ambayo kwa mlango wa nyuma ikagusa na huzuni, mwili ukajifunza haraka sana kwamba huzuni ikija kuna kitu cha kumeza. Ndio maana pia ulipoacha ghafla ulipata yale ya kawaida, jasho, miayo, kamasi, kuhara, halafu juu yake ile hofu kubwa isiyo na jina. Hofu kali ya namna hiyo inajulikana kabisa kwa watu wanaokatisha tramadol. Hukuwa unarukwa na akili.

Sasa swali lako la maumivu ya kweli au ya kutunga, hapa naomba na mume wako asome. Maumivu yako ni ya kweli. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, tangu 1979 kimesema maumivu ni kitu cha mwili na hisia kwa pamoja, walipoirekebisha tafsiri yao 2020 hilo hawakuliondoa. Hakuna maumivu ya mwili peke yake halafu mengine ya kichwani, yote yanapita kwenye ubongo mmoja. Vita kuu ya pili ya dunia kulikuwa na daktari wa jeshi anaitwa Henry Beecher, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu na karibu robo tatu wakasema hapana, akaandika hayo mwaka 1946. Miili yao ilikuwa imechanika! Ila kwao lile jeraha lilikuwa na maana ya kwamba vita imeisha, wanarudi nyumbani. Sasa fikiria wewe, kila kiuno kikichoma kinakukumbusha gari, kinakukumbusha nani alikuwa amekaa pembeni. Jeraha la mfupa linaweza kuwa limefunga kama picha inavyoonyesha na bado neva zikaendelea kupiga kelele kwa nguvu zote, kwasababu ubongo haujaambiwa kwamba ile hatari imekwisha. Aliyekuambia mgongo wako uko kichwani alitaka kusema unaigiza. Kukosea kwake kuko hapo, hofu na huzuni vinapandisha maumivu halisi, na kukosa usingizi kunayapandisha tena, wala hakuna kuigiza ndani yake.

Kile unachosema kichwa kinakimbia mpaka kwenye kiti cha magurudumu, nacho wataalamu wanakijua, wana hadi dodoso lake la maswali 13 lililotengenezwa na Michael Sullivan na wenzake mwaka 1995. Wanaangalia mambo matatu, mtu kushindwa kuyaondoa maumivu akilini, kuyaona makubwa kuliko yalivyo, na kuhisi hakuna chochote anachoweza kufanya. Umenipa yote matatu kwenye sentensi moja. Sikuambii hivi kukusema, nakuambia kwasababu tabia hii ya mawazo ni moja ya vitu vinavyoonekana sana kwa watu wenye maumivu sugu wanaoishia kuzidisha dozi, pamoja na sonona, wasiwasi, na historia ya tukio la kutisha, na kwasababu inatibika. Mgongo hauwezi kupewa mpya, ila hii ya kichwa kukimbia inafundishika kutulia, nimeona kwa macho yangu watu wa miaka 60 wakijifunza.

Halafu kuna mzunguko mwingine juu ya huu. Mwili ukizoea dozi, kabla ya kidonge kinachofuata unaanza arosto ndogo, na arosto ndogo inakuja na nini? Maumivu ya mwili, wasiwasi, kutotulia. Wewe unaihesabu kama mgongo, unameza, inapoa, unasema unaona sasa, bila dawa siwezi. Na kuna watu dawa hizi za jamii ya afyuni zikitumika muda mrefu kwa wingi zinawafanya neva ziwe nyepesi kuhisi zaidi kuliko mwanzo, yaani dawa ya maumivu inaongeza maumivu. Siwezi kusema wewe uko hapo, hilo ni la dokta kuangalia, ila muulize.

Teja. Mwanangu hilo neno liache, halimsaidii mtu yeyote, hata yule unayemuwazia ukilisema. Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Mwili kuzoea dawa mpaka ukiacha unapata arosto, hiyo inampata karibu kila mtu anayetumia kila siku kwa muda mrefu, hata aliyefuata maelekezo neno kwa neno. Kutumia tofauti na ulivyoelekezwa, kwa dozi au kwa sababu nyingine, hiyo ndio uko wewe bila ubishi. Na uraibu, pale ambapo dawa imeshika usukani, unaendelea japo unaona inaharibu maisha na kujizuia kumeshindikana, hapo unaweza kuwa umeanza kuingia, makopo mawili na uongo kwa madokta wawili ni dalili sitaki kuzifunika. Wa kupima hilo ni dokta, sio mimi. Mwaka 2015 Kevin Vowles na wenzake walikusanya tafiti 38 za watu wenye maumivu sugu wanaotumia dawa hizi wakakuta wanaotumia tofauti na maelekezo ni kama 21 hadi 29 kati ya 100, na wenye uraibu 8 hadi 12. Kwahiyo kliniki uliyokuwa unaona aibu kuingia, kwenye ile benchi ya kusubiri pengine mlikuwa wawili watatu, kila mtu ameinamia simu yake.

Na yule dokta wa kwanza aliyekuambia mwenye maumivu ya kweli hazoei vibaya, hakuyatunga, alifundishwa. Mwaka 1980 jarida moja kubwa la kitabibu Marekani lilichapisha barua ya aya moja tu, ikisema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi wakiwa wamelazwa ni wanne ndio walipata uraibu wa kuthibitika. Wagonjwa wa wodini, chini ya macho ya manesi, sio watu wanaorudi nyumbani na kopo kwa miaka mitatu. Lakini barua ile ikanukuliwa mara zaidi ya 600 kana kwamba ni utafiti mkubwa, na vizazi vya madokta wakaibeba. Inanikasirisha mpaka leo maana wagonjwa ndio waliolipa, wakaambiwa hamuwezi kuzoea, walipozoea wakaambiwa basi mlikuwa hamna maumivu ya kweli. Umeona ulivyofika kwenye swali lako?

Umwambie dokta? Ndio, mmoja kati ya hao wawili, yule ambaye huwa anakuangalia usoni ukiongea. Najua unachoogopa na sitakudanganya kwamba hakuna madokta wanaofunga kitabu wakisikia hivyo, wapo. Lakini kumkatia ghafla mtu aliyezoea dawa sio utaratibu, FDA walitoa tahadhari 2019 kwamba kukata ghafla kumewaletea watu maumivu makali, mateso ya akili na hata kujiua, na mwongozo wa Marekani wa 2022 kwa mtu aliyetumia mwaka mzima au zaidi unasema kupunguza kama asilimia 10 kwa mwezi au taratibu zaidi ya hapo, kwa makubaliano na mgonjwa. Usiende na maelezo marefu, ukifika utalia utasahau. Andika kwenye karatasi umpe asome. Andika: "Natumia tramadol nane hadi kumi kwa siku, nimekuwa nachukua kliniki mbili, nimewahi kuchanganya na diazepam, nilijaribu kuacha ghafla nikapata arosto. Nyingi nameza kwa hofu na huzuni, sio kwa mgongo. Tangu ajali siwezi kupanda gari bila dawa. Naomba tupunguze polepole na naomba kuonana na mtu wa saikolojia." Basi. Akisema nakukatia leo, muulize utaratibu wake wa kupunguza ni upi, akikosa jibu ondoka utafute mwingine ukiwa na karatasi ile ile, usirudi kwenye uongo. Na akitaka kukuanzishia dawa ya sonona lazima ajue idadi halisi ya tramadol unayomeza, baadhi zikikutana nayo serotonini inazidi mwilini na hiyo ni hatari ya kweli. Akiona ni uraibu kuna matibabu yake, buprenorphine au methadoni, nazo ni dawa kama dawa nyingine, usizikimbie kwa jina.

Mtu wa saikolojia mwambie kuhusu gari kabla ya mgongo. Miaka mitatu ya kutoweza kukaa kwenye kiti cha gari bila kidonge, usiku kutolala, hofu inayokuja bila kubisha hodi, hiyo inafaa ichunguzwe kama kiwewe baada ya tukio, na kuna matibabu ya kuongea yanayoliendea tukio lenyewe hatua kwa hatua. Kwa upande wa maumivu na dawa pia yapo yaliyopimwa, mwaka 2022 Eric Garland na wenzake walitoa matokeo ya watu 250 wenye maumivu sugu waliokuwa wanatumia dawa hizi vibaya, waliofundishwa wiki nane kuutazama mwili na mawazo bila kukurupuka na kurudisha macho kwenye vitu vizuri vilivyobaki maishani, baada ya miezi tisa 45 kati ya 100 walikuwa wameacha matumizi mabaya, wakati kundi lililokutana kuongea na kupeana moyo tu ilikuwa kama 24. Sio muujiza, zaidi ya nusu bado walikuwa wanapambana, ila tofauti ile ni karibu mara mbili na hakuna kidonge kipya kilichoongezwa.

Wakati unasubiri miadi chukua daftari la mtoto lolote. Kila ukitaka kumeza nje ya ratiba andika saa, maumivu ni ngapi kati ya kumi, halafu neno moja la kilichotokea kabla yake: mama, gari, ugomvi, ukimya. Kisha kaa dakika kumi ndio uamue. Kama utameza meza, usijipige, ila uandike kwanza. Tamaa ya kumeza inapanda kama wimbi na inashuka, wewe hujawahi kuisubiri ishuke kwasababu ulidhani itaendelea kupanda mpaka ikuue. Siku saba za hilo daftari zitamsaidia dokta kuliko picha nyingine ya mgongo.

Mume wako usimfiche tena. Mpe makopo yote mawili, afungie mbali na watoto, akutolee ya siku moja asubuhi, dozi ile ile ya nane ambayo hutakiwi kuivuka, bila hotuba. Na wewe shemeji yangu kama unasoma, nafahamu ulikuta makopo ukaogopa na hofu ya mwanaume mara nyingi inatoka ikiwa imevaa hasira, lakini usirudie ile sentensi. Ukimwona saa nane usiku amekaa na kopo, kaa naye. Kuongea sio lazima.

Kuna sentensi uliiweka mwisho kabisa, bora ningekuwa mimi. Nakuuliza wazi wazi maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, umewahi kufikiria kumeza zote usiamke? Kama ndio, hata mara moja, hii haisubiri miadi, mwamshe mume wako usiku huu umwambie kwa maneno hayo hayo na muende dharura. Kama ni ile hatia ya aliyebaki, ile ya kwanini mimi nipo, basi hiyo ndio imekuwa ikimeza vidonge Jumapili jioni. Mama yako anakuangalia, wewe unasoma lawama machoni mwake, na hujawahi kumuuliza anaona nini. Yule ni mama aliyepoteza mtoto mmoja na anamwangalia aliyebaki akipungua mbele yake kila wiki. Jumapili ijayo kabla hujanyanyuka kwenda kwenye gari, kaa naye pembeni mtaje mdogo wako. Ninyi wawili tu, hata dakika tano.

Umeniandikia kuhusu nyonga, pingili, kiuno, mguu, vidonge kwa idadi na miligramu. Yeye umempa nusu mstari, na jina lake hukuliandika. Ukiniandikia tena baada ya kuonana na dokta, anza na yeye. Alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anakuitaje.

Anti